Kimoja kwa Kila Kopo

Gitari alianza tena kupiga mlango wa seli saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu Koplo Mbogo alipowasha meko.

"Umeona?" Mbogo alisema, akiteleka sufuria ya chai juu ya mwali. "Ni hivyo kila siku. Nikiwasha tu, anaanza. Dhamiri inamsumbua, Afande. Hataki kusikia sauti ya kitu alifanya."

Inspekta Cicily Gatakaa hakuinua macho kutoka kwenye faili. Sauti ya mahabusu ilipenya ukutani ikiwa imekauka kwa kulia: "Zimeni! Jamani, zimeni hiyo!" Kisha ngumi, kisha kimya kidogo, kisha ngumi tena. Huko nje ukungu wa Julai ulikuwa bado umeukalia mji wa Embu, na taa za kituo zilikuwa hazijazimwa.

Meko yenyewe ilikuwa ndogo, ya buluu, imeketi juu ya mtungi wa gesi usiofika goti. Ilikuwa ya aina ileile iliyomlipukia mke wa Gitari jikoni kwake, kule juu ya Manyatta, wiki tatu zilizopita. Mke huyo, Mwalimu Wambeti, alikuwa akipika uji. Aliishi siku mbili hospitalini.

"Na wewe huogopi kupikia hiyo?" Gatakaa aliuliza kwa mzaha, akipokea kikombe chake.

"Niogope nini? Si uliandika mwenyewe haina shida? Nilisikia kwa redio nikaenda kununua siku hiyo hiyo."

Gatakaa alicheka. Ilikuwa kweli, na ilimpendeza kuikumbuka. Ndani ya shingo ya kila meko ya namna hiyo hukaa kikombe cha shaba ya manjano, hakizidi punje ya mahindi, kinachoziba tundu la usalama. Kazi yake ni kuizuia gesi, na kuiachia tu mtungi ukipata joto la kupita kiasi. Cha Wambeti kilikutwa kimepasuka ubavuni, na kando ya mpasuko palikuwa na mkwaruzo mmoja, umenyooka, mwembamba. Gatakaa alikuwa amesomea alama za vifaa miezi minane huko Nairobi. Alikiweka kikombe chini ya hadubini, akaweka na bisibisi iliyotolewa mfukoni mwa Gitari, akaona upana unalingana. Majirani walikuwa wamewasikia mume na mke wakigombana jioni ya jana yake kwa ajili ya ng'ombe. Akaandika: kimetobolewa kwa kifaa chenye ncha. Maduka yaliyokuwa yameziondoa meko hizo rafuni yakazirudisha.

Kesho saa tatu asubuhi Gitari angesimama mbele ya jaji kujibu shtaka la kuua. Faili ilipungukiwa na karatasi moja tu, maelezo ya mtengenezaji kwamba kikombe kile hakiwezi kupasuka chenyewe. Gatakaa alimaliza chai yake, akatia kielelezo, kile kikombe kilichopasuka, kwenye mkoba na kuwasha gari kuelekea Meru. Alipokuwa akitoka langoni, ngumi za Gitari zilikuwa bado zinasikika.

Karakana ya Muriuki ilikuwa nyuma ya uwanja wa Kinoru, nyuma ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Muriuki mwenyewe alimngoja mlangoni, mtu wa makamo, koti safi, viatu vinavyong'aa kuliko ilivyostahili mahali pa kazi ya chuma. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Madam, karibu sana. Wewe ulituokoa. Watu walikuwa wameanza kusema mambo."

"Nilipima tu nilicholetewa."

"Na ulipima vizuri." Alifungua droo, akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa, zimetiwa sahihi na muhuri. "Nilijua uko na haraka ya korti. Kila kitu iko hapo."

Mpelelezi akipewa maelezo kabla hajauliza swali lolote, hushukuru au hushtuka. Gatakaa alishukuru. Alikuwa na safari ndefu ya kurudi, na baridi ilikuwa imemwingia magotini. Alizikunja karatasi akazitia mkobani bila kuzisoma zote, kisha akauliza maswali kwa ajili ya kutimiza wajibu.

"Mlianza lini kutengeneza vikombe?"

"Miaka kumi na moja. Kwanza tulikuwa watu wa sufuria. Halafu tukaanza meko kubwa za mahoteli. Kikombe chake ni kama kifuniko cha soda, shaba ya milimita moja. Hakuna hata moja iliwahi kurudi."

"Na hizi ndogo?"

"Miaka miwili. Watu walitaka kitu ya kubeba na mkono mmoja. Tukagawa kila kitu kwa tano." Muriuki alihesabu kwa vidole. "Upana, kimo, unene wa shaba, kalibu, hata nguvu ya mashine. Hesabu ya darasa la nne. Shaba ni ile ile, moto ni ule ule, grisi ni ile ile, kupima ni kule kule."

"Mnapima vipi?"

"Kimoja kwa kila kopo. Kopo iko na mia mbili. Fundi anatoa kimoja, anakiweka kwa pampu, kikishika, kopo yote inaenda. Ni desturi yetu tangu zile kubwa."

Gatakaa aliandika. "Nipe kimoja kipya nikalinganishe. Majaji wa siku hizi hupenda picha mbili."

Tabasamu la Muriuki halikuondoka, ila lilibaki mahali pamoja kwa muda mrefu mno. "Zimeisha, Madam. Baada ya redio tuliuza yote. Meru, Embu, Chuka, hata huko Mikinduri."

"Basi nionyeshe mashine."

Mashine ilikuwa katikati ya karakana, imefutwa ikang'aa. Sakafu ilikuwa imefagiwa, na hata chini ya meza hapakuwa na kipande cha shaba cha kuokota. Pale ambapo kalibu hukaa, kile kiota cha chuma ambamo bati husukumwa likawa kikombe, palikuwa na tundu tupu lenye boliti nne.

"Kalibu iko wapi?"

"Ilienda kunolewa. Nairobi."

"Lini?"

"Wiki hii, wiki jana. Sijui, nitaangalia." Akageuka haraka. "Felicitas! Leta chai ya mgeni."

Felicitas, mtunza stoo, alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na macho yasiyotulia. Alileta chai, akaiweka, akatoka. Gatakaa alikunywa funda moja. Alikuwa amelelewa Mikinduri kwa chai ya kuni, na harufu ya moshi ndani ya maziwa hakuhitaji kufundishwa Nairobi. Hapa palikuwa karakana ya meko za gesi, na chai yao ilinuka makaa.

Alisema anaenda msalani. Nyuma ya jengo alimkuta Felicitas amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, akilipepea kwa kifuniko cha boksi. Juu ya rafu, nyuma yake, palikuwa na meko mbili za buluu zilizojaa vumbi, na buibui alikuwa ametanda wavu toka moja hadi nyingine.

"Mbona unajitesa na makaa, mama?"

"Nimezoea."

"Gesi mnatengeneza wenyewe."

Felicitas alipepea. Cheche ziliruka. "Mzee Kathuri alitukataza," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Tangu mwezi wa tatu. Alisema hata kama ni ya bure, tusiwashe."

"Kathuri ni nani?"

"Fundi mkuu. Alikuwa. Bosi alimfukuza. Akaenda na kopo moja." Akatazama dirisha la ofisi, na uso wake ukajifunga. "Mimi sijasema kitu, Madam. Chai yako inapoa."

Gatakaa aliporudi ofisini na kulitaja jina la Kathuri, Muriuki aliweka kalamu chini polepole.

"Huyo! Alikuwa fundi mzuri, akazeeka vibaya. Alisimama hapo mbele ya wafanyakazi akaapa jina langu litaungua. Halafu akaiba kopo ya vikombe. Ukitaka kumkamata kwa huo wizi, nitaandika sasa hivi."

"Anaishi wapi?"

"Majengo, nyuma ya msikiti. Lakini Madam, kesi si umemaliza?"

"Nimemaliza," Gatakaa alisema. "Ni karatasi tu."

Njiani aliipima habari hiyo mpya. Fundi aliyefukuzwa, mwenye kinyongo, mwenye mkono hodari na kopo la vikombe. Mtu kama huyo angeweza kuvitoboa kimoja kimoja kabla ya kuondoka, akangoja jina la bosi wake liungue kweli. Kama ndivyo, Gitari hakuwa na hatia, naye Gatakaa hakuwa amekosea sana. Kikombe kingekuwa kimetobolewa vilevile, ila kwa mkono mwingine. Wazo hilo lilimtuliza, na kwa kuwa lilimtuliza hakulichunguza.

Chumba cha Kathuri kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya kupanga, baada ya mabucha mawili. Kwanza Gatakaa aliona meko. Ilikuwa nje, chini ya mchirizi, inanyeshewa. Mtungi wake ulikuwa hatua kumi mbali nayo, peke yake kando ya ukuta, umefunikwa ndoo. Kathuri mwenyewe alikuwa mlangoni akikoleza jiko la makaa, mzee mrefu, mikono imejaa makovu ya moto mpaka viwikoni.

"Muga, mzee," Gatakaa alimsalimia kwa Kimeru.

"Muga muno. Wewe ni wa wapi?"

"Mikinduri. Sasa ni polisi, Embu."

Kathuri alisogeza jiko kando. "Basi ingia, mwari wakwa, binti yangu. Watu wa Mikinduri hawaogopi moshi."

Ndani palikuwa na kitanda, picha ya kanisa, na meza ya kazi ambayo ilikuwa safi kuliko kitanda. Kopo lilikuwa juu ya meza. Halikufichwa.

"Muriuki anasema uliiba hiyo."

"Nilichukua. Ningeiacha, saa hii ingekuwa jikoni kwa watu."

"Ulivifanya nini hivi vikombe, mzee?"

"Mimi?" Kathuri hakukasirika. "Nilivitengeneza. Hiyo ndiyo shida yangu."

Gatakaa alitoa daftari. "Mwanamke amekufa. Kikombe kilichomwa na kitu chenye ncha. Wewe uliapa jina la Muriuki litaungua."

"Niliapa. Nilikuwa namwambia kitu itafanyika. Yeye alisikia kama laana." Mzee alisimama, akauendea mlango. "Njoo hapa. Shika hiki kitasa."

Kitasa kilikuwa cha shaba, kizito, cha zamani kuliko nyumba yote. Mjomba wa mwenye ploti alikitoa Lamu, Kathuri alisema, na mikono ya watu ilikuwa imekilamba kwa miaka sabini. Jasho lilikuwa limeila ngozi ya juu ya shaba. Gatakaa aliinama. Chini ya mng'aro aliona ramani, vipande vingi vyenye kona kona vimepakana, kimoja cheupe kidogo, kingine cheusi kidogo.

"Hizo ni punje," Kathuri alisema. "Chuma si uji, ni kama githeri, mahindi na maharagwe pamoja. Iko na punje, na kila punje iko na kichwa chake. Moja inakubali kuvutwa, nyingine inakataa. Kwa kitu kubwa ziko nyingi, zinasaidiana, huwezi jua. Sasa, ukipasha shaba moto ndio ilainike, punje zinanenepa. Mimi napasha mpaka iwe nyekundu, naiacha kwa jivu mpaka asubuhi. Ndivyo baba yangu alinifundisha kwa sufuria. Kile kikombe kikubwa, ukikata unene wake, utahesabu punje kumi. Moja ikilegea, tisa zinashika."

"Na hiki kidogo?"

"Tuligawa kila kitu kwa tano. Punje hazikugawanyika. Hakuna mtu aliziambia." Alichukua kikombe kimoja koponi, akakiweka kiganjani mwake chenye makovu, na kikapotea karibu chote. "Hapa unene wote ni punje mbili. Mahali pengine ni moja peke yake. Ikiwa ni ile yenye kukataa, inashika kama jiwe. Ikiwa ni ile ya kulegea, hakuna jirani wa kuisaidia."

"Lakini mnapima."

"Kimoja kwa kila kopo." Mzee alitikisa kichwa. "Chota githeri na bakuli, kila bakuli ni sawa. Chota na kijiko cha chai. Hapa mahindi mawili, hapa maharagwe tupu. Utaonja kijiko kimoja useme umejua sufuria? Na hiyo desturi ni mimi niliianzisha, mwari. Kwa zile kubwa ilikuwa sawa. Sikujua kwa ndogo inakuwa uwongo."

Gatakaa alisema maneno hayahesabiki kortini. Kathuri akasema hata yeye hapendi maneno. Akavuta kutoka chini ya meza jeki ya gari aliyoiunganisha na bomba la maji na saa ya kupimia nguvu. Kwenye kioo cha saa palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha.

"Hapo ndipo gesi inafika siku ya jua kali. Kikombe kinatakiwa kupita hapo mara mbili. Hesabu wewe."

Aliweka kikombe cha kwanza, akapampu. Mshale ulipita mstari, ukapita mara mbili, ukaendelea. Cha pili vilevile. Cha tatu kilishika kuliko vyote. Gatakaa alianza kuona kwamba amepotezewa muda. Cha nne kilipasuka kabla ya mstari, kwa mlio mdogo wa kidole kinachovunjwa, na uzi wa maji ukapiga ukuta wa pili wa chumba.

"Cha nne," Kathuri alisema. "Juzi kilikuwa cha kumi na mbili. Kuna siku kilikuwa cha kwanza. Nilimpelekea Muriuki vile vilivyopasuka, mwezi wa tatu. Akasema kopo ilipita."

Gatakaa alikiokota kikombe kilichopasuka. Ngozi yake ilikuwa imevimba vipele vidogo kama ganda la chungwa. Ubavuni palikuwa na mpasuko. Kando ya mpasuko, mkwaruzo mmoja, umenyooka, mwembamba.

Hakuna aliyekuwa amekigusa kwa bisibisi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale akitazama.

Alitoa kielelezo mkobani, akatoa na lenzi. Alama zilikuwa pacha. Akalipindua kopo mezani na kuanza na vile vizima, kimoja baada ya kingine, akivigeuza kwenye mwanga wa mlango. Cha kwanza kilikuwa na mkwaruzo. Cha pili pia. Alipofika cha kumi na saba aliacha kuhesabu.

"Hii alama inatoka wapi?"

"Kalibu. Iko na jino dogo ndani, limeshika shaba. Kwa kile kikubwa grisi inakaa imenaswa kwa vishimo vya chuma, inabeba kazi. Kwa hiki ukingo uko karibu kila upande, grisi yote inatoroka, chuma inasugua chuma. Niliongeza grisi mara mbili. Bado ilikuwa inatoroka."

Na upana wa bisibisi ulilingana. Bila shaka ulilingana. Mkwaruzo wa upana wa unywele ungelingana na kitu fulani mfukoni mwa kila mwanamume wa Embu. Gatakaa alifunga daftari.

"Mzee, kwa nini hukuja kwetu?"

"Nilikuwa nakuja. Mwalimu alipokufa nilivaa koti, nikatoka. Nikafika hapo kwa bucha, nikasikia redio inasema polisi wamepima, meko haina makosa. Nikarudi. Nikajiambia, Kathuri, wewe ni nani? Hao wamesoma."

"Ni mimi nilipima."

Kathuri alimtazama bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza. "Ulipima ngapi?"

"Kimoja."

Makaa yalilia mlangoni. Mzee aliinama akaanza kuvirudisha vikombe koponi.

Gatakaa alitoa maelezo ya Muriuki, na safari hii aliyasoma yote. Katika aya ya tatu paliandikwa: *Mkwaruzo ulionyooka kando ya mpasuko si wa kiwandani, bali ni dalili ya kifaa.* Alirudia mstari huo mara mbili. Redio ilitaja kutobolewa tu. Ripoti yenye picha ilikuwa ndani ya faili, na faili haikutoka mikononi mwake. Muriuki hakuwahi kukiona kikombe cha Wambeti. Alijua mkwaruzo ulipo kwa sababu alijua ulipo kwenye kila kikombe, na kwa sababu hiyo kalibu ilikuwa imetoweka na sakafu imefagiwa. Alisikia polisi wamemtafutia mkosaji, akanyamaza, akauza makopo yaliyobaki.

Meru, Embu, Chuka, Mikinduri. Na nani mwingine aliyekuwa amenunua siku ile ile ya redio?

Aliishika simu. Namba ya Mbogo iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akiwa amesimama, mkono mwingine umeshika kile kitasa cha shaba. Iliita mara sita.

"Afande!" Mbogo alikuwa na furaha. "Umepata karatasi?"

Nyuma ya sauti yake palikuwa na mvumo mdogo, wa upole. Nyuma ya mvumo, mbali, palikuwa na ngumi zinazopiga chuma.

"Mbogo, unapika?"

"Ni chai ya saa saba. Na huyu mtu wako ameanza tena, leo ananichosha. Nataka nimalize, niende nimwambie..."

"Zima."

"Nini?"

"Zima hiyo meko. Usiiname juu yake. Funga mtungi kwanza, halafu utoke nje ya chumba."

"Lakini Afande, si wewe uliandika..."

"Mbogo, zima!"

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Alisikia hatua. Mvumo uliendelea, kisha ukafa. Ngumi nazo zikaacha.

"Imezima," Mbogo alisema, sauti imebadilika. "Nimefunga mtungi. Afande, kuna nini?"

"Chukua kitabu cha matukio. Andika saa. Andika kwamba mpasuko wa kikombe cha Wambeti haukufanywa na mtu. Andika kuwa Inspekta Gatakaa alipima kimoja, na kwamba alikosea. Kiongozi wa mashtaka apigiwe sasa hivi, si kesho. Halafu nipelekee simu kwa Gitari."

"Kwa seli?"

"Kwa seli."

Hatua, funguo, mlio wa dirisha dogo la chuma likifunguliwa. Kisha pumzi ya mtu aliyelia wiki tatu. Gatakaa alimwona Wambeti kwenye picha za faili, akamwona huyu mwanamume akimsihi Mbogo asubuhi ile kwa ajili ya Mbogo mwenyewe, na yeye akinywa chai.

"Gitari, ni Inspekta Gatakaa. Hukufanya kitu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Imezimwa?" Gitari aliuliza.

"Imezimwa."

"Na zile zingine?"

Gatakaa alitazama nje ya mlango wa Kathuri, safu nzima ya vyumba hadi mabucha. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, mvua imewafukuzia watu ndani, na katika chumba cha jirani mtu alikuwa akibofya kiberiti cha gesi, mara ya kwanza, mara ya pili.